Gitaa la Marehemu Rogath

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, palikuwa na nyumba moja ya kizamani yenye baraza refu, na kwenye ncha ya baraza hilo, chini ya bati lililotoboka, Rogath alikaa miaka ishirini na saba akisuka mota. Feni ikiungua, pampu ya maji ikiungua, jenereta likiungua, vyote vililetwa kwake. Alivipasua, akang'oa waya wa shaba ulioungua, akaingiza mpya mzunguko kwa mzunguko, kwa mkono, mpaka kitu kilichotangazwa kuwa kimekufa kikaanza kuunguruma tena juu ya meza. Watu walimwita Mangi, kwa sababu alitoka Rombo, na Dar es Salaam kila mwanamume wa Kilimanjaro anayekaa mahali akapokea pesa ni Mangi tu, apende asipende. Jina hilo lilimkera kidogo. Wenzake waliolistahili walikuwa na maduka ya jumla na magari ya mizigo. Yeye alikuwa na kiti, meza, na boksi la bisibisi.

Lakini Rogath hakuja mjini kusuka mota. Alikuja akiwa na miaka ishirini na moja, akaajiriwa na kiwanda kimoja kilichokuwa na bendi yake, kama viwanda vingi vya enzi zile. Mchana alibeba mizigo ghalani, Jumamosi alipanda jukwaani na shati la maua alilopewa na kiwanda, akapiga gitaa la pili. Waliokuwa wakicheza chini hawakujua jambo moja: vyombo vilikuwa vya kiwanda. Dansi likiisha, magitaa yalirudishwa stoo, meneja akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Rogath alilipiga gitaa lile miaka saba, akajua kila mkwaruzo wake, lakini hakuwahi kulala nalo nyumba moja. Kiwanda kilipofungwa alikwenda getini kuomba aliage tu. Mlinzi akamwambia vyombo vyote vimeandikwa kwenye orodha ya mali, haviguswi. Akageuka akaondoka, akaapa kwamba gitaa lingine atakaloshika litakuwa la kwake, alilolitengeneza kwa mkono wake.

Kuapa hakuna gharama. Ubao ndio uliomchelewesha. Aliupata siku mwenye nyumba alipong'oa mlango wa mninga wa uani na kuweka wa chuma. Rogath aliuomba ule wa zamani, akapewa bure, na wapangaji wakamcheka kwa kuwa walidhani anataka kutengeneza kitanda. Kipande cha mpingo cha kubandika shingoni alipewa na Ignasi, mchonga vinyago kutoka Masasi, ambaye alimfundisha pia kushika patasi bila kujikata, kisha Ignasi mwenyewe akafa kwa malaria. Miaka kumi na moja Rogath alichonga, akasugua, akakosea, akachonga tena.

Fahari yake ilikuwa koili, zile zinazonasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Watu hununua za kiwandani. Yeye alikuwa msuka mota, angenunuaje? Alizisuka mwenyewe, mbili, kwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu saba kila moja, siku za Jumapili baada ya misa, mtaa ukiwa umetulia. Waya ulikatika mara nne, na kila ulipokatika alianza upya. Kila koili ilitoa waya mbili, na kwa kuwa zote zilikuwa rangi moja, alizitia alama kama msuka mota yeyote: fundo moja kwa waya wa mwanzo, mafundo mawili kwa waya wa mwisho. Sasa fundi redio yeyote wa Kariakoo ukimpa koili mbili ataunga mwisho wa ya kwanza na mwanzo wa ya pili, ndivyo alivyofundishwa. Kwa gitaa hili hilo lilikuwa kosa. Rogath alikuwa amezigeuza sumaku, moja ikitazama juu na nyingine chini, ili kuua mvumo wa umeme, na kwa hiyo mwisho ulitakiwa kuungwa na mwisho. Ukikosea, koili moja inakula sauti ya mwenzake na gitaa linabaki bubu. Hakuliandika jambo hilo popote. Angemwandikia nani, wakati fundi alikuwa yeye mwenyewe?

Ikafika mwezi wa pili. Gitaa lilikuwa limebakiza kidogo: varnishi, nyuzi, zile waya kuungwa, na yale masikio ya kichwani yanayokaza nyuzi, ambayo yanatakiwa sita naye alikuwa amepata manne. Asubuhi moja alikuwa ameinamia pampu ya maji, bisibisi ikamponyoka. Akataka kuiokota, akajikuta yuko chini pamoja nayo. Kiharusi. Wiki tatu baadaye mguu ulirudi nusu, na mdomo ukarudi karibu wote. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulining'inia begani, wa joto, wenye vidole vyote vitano, na haukuwa na faida yoyote.

Msiba mmoja hauji peke yake. Mwezi wa tano nyumba ikauzwa. Mwenye kununua alitaka ghorofa, kama wote wanaonunua Kariakoo, na wapangaji wa barazani wakaambiwa mwisho wa Juni wawe wameondoka. Mkewe Severa, aliyekuwa akiuza chapati na supu kwa wapagazi wa mtaa wa pili, akasema sasa basi, wanarudi Rombo.

Hapo ndipo aibu ilipokuwa. Mchaga wa mjini asiyeonekana nyumbani Krismasi, watu humkisia mambo mawili tu: yuko jela, au hana kitu. Rogath alikuwa hajaonekana Krismasi sita. Na sasa angeingia kijijini katikati ya mwaka, kwenye baridi, bila hata sherehe ya kujifichia.

"Baba Joyce," Severa alimuuliza jioni moja akifunga vyombo, "hilo libao tunaenda nalo?"

"Siyo libao."

"Haya, hilo gitaa. Tunarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yako, jiko liko ndani, moshi kutwa. Mwaka mmoja litakuwa kuni. Na mkono wako ndiyo huo. Liuze likiwa bado lina sura."

Hakusema kwa ubaya. Lakini ukweli unauma zaidi ukisemwa na mtu ambaye kila asubuhi anakufunga vifungo vya shati. Chai ilipopoa Rogath akakubali, kwa sharti moja.

"Atakayelinunua alimalize," alisema. "Nataka liseme. Hata mara moja, hata kama sipo."

Severa akamwambia sharti ni la mwenye nacho. Lakini hakubishana naye.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Robert, Mchaga mwenzao mwenye baa, mtu wa tumbo na vicheko. Alilinyanyua gitaa kwa shingo kama mtu anavyonyanyua kuku, akaligeuza huku na huku, akataja bei nzuri kuliko waliyoitegemea.

"Nalitundika kaunta," alisema, "nalizungushia taa za rangi. Wateja watapiga nalo picha mpaka wachoke."

"Na nyuzi?" Rogath akauliza.

"Nyuzi za nini tena, Mzee Rogath? Si liko ukutani!"

"Basi sikuuzii. Sikuchonga picha."

Robert alicheka, akadhani mzee anapandisha bei, akaongeza kidogo. Rogath akalirudisha gitaa ndani ya gunia. Severa aliyaona yote kutoka mlangoni. Usiku huo alipika, akapakua, akamkatia nyama vipande vidogo kama kawaida, kisha akageuka akaendelea kufunga vyombo.

Siku zikaenda. Ikabaki wiki moja. Ndipo Ridhiwani alipojitosa.

Ridhiwani alikuwa winga. Mtu ambaye hajawahi kununua kitu Kariakoo hawezi kujua winga ni nani, basi ajue: ni mtu asiye na duka wala bidhaa, mtaji wake ni mdomo. Anamdaka mteja njiani, anampeleka kwenye duka la mtu mwingine, anatia cha juu chake kwenye bei, na mteja anaondoka akimshukuru. Ridhiwani alitoka Lindi na alikuwa na miaka kumi na tano katika kazi hiyo. Alikuwa na kipara kilichong'aa na roho nzuri, na hili la roho nzuri nalisema kwa kweli, maana mabaya aliyomfanyia Rogath aliyafanya kwa kumpenda.

"Mangi, niachie mimi," alisema. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki chema hakijajiuza mpaka leo, kwa hiyo kinataka mdomo."

"Asiwe wa kutundika."

"Nimekusikia. Nitakuletea mpigaji."

Akalitoa gitaa kwenye gunia, akalipaka kiwi ya viatu isiyo na rangi, kwa kuwa Kariakoo kitu kisichong'aa hakitazamwi, akalisugua mpaka mninga ukatoa mishipa yake myekundu. Rogath alimlinda kama askari. "Hizo waya usiziguse," alirudia. "Hizo waya, Ridhiwani." Na kweli Ridhiwani hakuzigusa.

Jumatano, saa nne asubuhi, akamleta mpigaji.

Aliitwa Caroline, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwalimu wa kwaya wa kigango kimoja huko Kigamboni. Alikuwa amevuka kuja kununua vitambaa vya sare za kwaya, na alipokuwa huku akapita duka la vyombo vya muziki kuuliza gitaa. Bei ikamtoa nje ya duka haraka kuliko alivyoingia. Mlangoni akakutana na kipara cha Ridhiwani.

"Shikamoo baba," alimwambia Rogath.

"Marahaba mwanangu."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akalipakata gitaa pajani. Rogath akasogeza kiti chake karibu akimtazama, kwa sababu huyu alijua gitaa. Kidole gumba cha kushoto kilikwenda chenyewe nyuma ya shingo. Vidole vinne vilipita juu ya mpingo taratibu, kutoka juu mpaka chini, vikatafuta mahali penye kasoro na visipaone. Kisha akaligonga tumboni kwa kifundo cha kidole, sikio likiwa karibu.

"Mninga," alisema. "Mninga mkavu haswa. Mmeutoa wapi?"

Rogath alifungua mdomo. Ridhiwani akawahi.

"Mlango wa nyumba hii hii, dada. Umri wake unamzidi mzee wetu hapa."

Caroline akatabasamu, akaligeuza, akaona yale masikio manne, akaona waya zinazoning'inia. Akauliza swali ambalo kila mtu lazima angeliuliza.

"Sasa mbona fundi hajalimaliza?"

Ridhiwani akainamisha kichwa. Akashusha pumzi.

"Fundi ametangulia mbele za haki, dada. Mwezi wa pili. Huyu ni kaka yake, ametoka Rombo kuja kukusanya vitu vya marehemu."

Hawakuwa wamepanga. Wallahi hawakuwa wamepanga. Rogath alimkodolea macho Ridhiwani, na Ridhiwani akamkonyeza upande ambao mteja haoni.

"Jamani!" Caroline aliweka mkono kifuani. "Pole sana baba."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Neno lenyewe lilikuwa fupi: mimi ndiye. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Rogath. Lakini Caroline alikuwa hajamaliza kuongea.

"Huyu marehemu alikuwa fundi," alisema, akipitisha ukucha mahali shingo inapoingia tumboni. "Tazama hapa. Hata ukucha haupiti. Mimi nimeshika magitaa ya dukani ya bei kubwa, hayajafungwa hivi. Aliyefanya hivi alikuwa anakipenda anachokifanya."

Miaka ishirini na saba watu walimwambia Rogath "harakisha", na "mbona ghali", na "si ulisema jana". Hakuna aliyewahi kumwambia maneno hayo. Aliyasikia yakiingia mwilini, mpaka ule upande uliokufa ukawa kama unataka kuyasikia. Akatamani Caroline aseme jingine, moja tu, halafu ndipo amwambie. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

"Tumeshapoa, mwanangu," Rogath akajibu.

"Aliitwa nani?"

"Rogath."

Caroline akatoa daftari la kwaya, akaliandika jina hilo kwa herufi kubwa. Alisema atamwombea. Kisha akashika zile waya nne kwa ncha za vidole.

"Na hizi? Hakuacha maelekezo?"

"Zina..." Rogath alianza.

"Dada, hiyo kazi ya dakika tano," Ridhiwani akadakia, "fundi redio yeyote anaunga. Mzee hapa ni mkulima wa kahawa, umeme haujui kabisa."

Na Rogath, ambaye umeme ulimjua na yeye kuujua kwa nusu ya maisha yake, akanyamaza. Mtu ukishakubali kuwa maiti huwezi tena kutoa maelekezo. Caroline alilipa bila kubishana, maana nani anabishania bei na wafiwa, akalifunga gitaa kwa kitambaa kipya cha sare, akaaga kwa heshima, akaondoka.

"Mangi!" Ridhiwani alimpiga bega lile zima. "Umekufa vizuri, haki ya Mungu! Sikiliza nikufundishe. Kitu kisichokwisha cha mtu aliye hai, watu wanaona uvivu. Cha marehemu ni urithi."

Rogath alizipokea pesa, akazitia mfukoni bila kuzitazama. Alikaa. Jirani wa pili aliwasha redio, ikasema habari zake. Ilipita kama nusu saa, na muda wote huo alikuwa akiona fundi asiyemjua, huko Kigamboni, akichukua waya wenye mafundo mawili na kuuchomelea kwenye waya wenye fundo moja, kwa ujasiri wote wa mtu aliyefundishwa vizuri.

Akasimama, akachukua fimbo yake, akamwita mwenye bajaji.

"Feri," alisema. "Haraka baba."

Alimkuta. Watu walikuwa wengi wakingojea pantoni, na harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imetanda kutoka sokoni, lakini kitambaa kile cha sare kilionekana kwa mbali. Caroline alikuwa amekaa kwenye benchi, gitaa limesimama katikati ya magoti yake. Kando yake alikaa mama mmoja na ndoo ya vibua.

"Mwanangu," Rogath alisema, akihema.

"Baba? Kuna tatizo?"

"Zile waya. Zina mafundo. Yenye mafundo mawili iungwe na yenye mafundo mawili. Mwisho kwa mwisho. Fundi atataka kuunga mwisho kwa mwanzo, umkataze. Yenye fundo moja ndiyo itoke nje. Ukikosea halitasema."

Caroline alimtazama juu mpaka chini.

"Si nimeambiwa umeme huujui?"

"Naujua. Mimi ndiye fundi."

"Fundi gani?"

"Rogath. Mimi ndiye Rogath. Sijafa."

Mama mwenye ndoo aliangua kicheko, kisha akakikata alipoona mwenzake hacheki.

"Baba," Caroline alisema polepole, "saa moja haijaisha tangu nikupe pole ya msiba. Ukaniambia mmeshapoa."

"Nilikosea."

"Nikakuuliza jina la marehemu, ukanitajia kwa mdomo wako."

"Ndiyo jina langu. Nilikutajia jina langu."

Alikuwa mwanamke wa haki, na hilo lazima nimpe. Angeweza kuita watu wamzomee. Badala yake alilifungua gitaa kutoka kwenye kitambaa, akamsogezea nafasi kwenye benchi.

"Haya. Aliyechonga shingo hii anajua kuishika. Kama ni wewe, lishike."

Rogath alikaa. Aliliweka gitaa pajani, na mara hiyo ndipo alipokumbuka kwamba hajawahi kulipakata hivyo, kwa kuwa siku zote alikuwa akisubiri likamilike kwanza. Kwa mkono wa kulia aliunyanyua wa kushoto, akauweka chini ya shingo, akavipanga vidole kimoja kimoja juu ya mpingo. Vikakaa alivyovipanga. Kisha akapeleka mkono wa kulia mahali ambapo nyuzi zingekuwa, na alipofanya hivyo ule wa kushoto ukaanguka pajani na gitaa likateleza. Caroline alilidaka likiwa limebakiza shubiri moja kufika kwenye sakafu.

"Kiharusi," Rogath alisema. "Kilinipata mwezi wa pili."

"Mwezi ule ule aliokufa marehemu," Caroline alijibu.

Alilifunga gitaa tena, safari hii kwa kulikaza, na alipoongea alishusha sauti ili watu wasisikie.

"Baba, mimi ni sawa na binti yako, sitaki kukuvunjia heshima. Lakini hii ni laana. Mnamtumia maiti kuuzia, halafu mnamfufua aje kuongezea bei. Kesho mtaniletea na mjane."

"Sitaki pesa, mwanangu. Pesa yako hii hapa, chukua, rudisha yote. Sikia tu hilo la waya."

Alikuwa amezitoa kweli, na watu wakaanza kugeuka. Caroline hakuzigusa. Kwa macho yake huo ulikuwa mtego wa pili: achukue pesa, kisha mzee apige kelele kwamba ameporwa. Mjini watu wameumwa na nyoka mara nyingi, hata ung'ongo wanaushtukia.

"Nitalimaliza," alisema. "Lakini nitalimaliza kwa ajili yake yeye. Siyo kwa ajili yenu."

Geti likafunguliwa. Umati ukanyanyuka kwa pamoja, baiskeli, mabeseni, watoto mgongoni, na Caroline akaingia ndani yake na kile kitambaa kikiwa juu ya vichwa. Rogath alijaribu kumfuata akapigwa kikumbo, akajishika kwenye nguzo. Akapaza sauti kwa nguvu zote ambazo kiharusi kilikuwa kimemwachia: "Mafundo mawili kwa mafundo mawili! Mwisho kwa mwisho!" Watu wawili watatu walimtazama kwa huruma, jinsi wanavyotazamwa watu waliorukwa na akili, wakampisha.

Jioni alimkabidhi Severa zile pesa. Severa alifurahi, akamuuliza kama aliyenunua atalimaliza.

"Amesema atalimaliza," Rogath alijibu. Alimwambia hivyo tu, na hakuongopa.

Walifika Rombo mwanzoni mwa Julai, ukungu ukiwa umelala mpaka saa tano. Watu walikuja, wakakaa, wakanywa chai, wakautazama mkono, wakaelewa, na aibu aliyoiogopa miaka sita ikaisha kwa siku mbili kwa kuwa hakuna aliyejali kiasi hicho. Nyumba ilizibwa matundu, migomba ikapunguzwa majani. Rogath alizoea kuota jua kwenye kigoda nje. Kila Jumamosi alipiga hesabu ya kazi iliyobaki: sasa watakuwa wamepata masikio mawili, sasa watakuwa wamepiga varnishi, sasa wataunga waya. Alijiambia kwamba labda yale maneno aliyopiga kelele Feri yaliingia hata sikio moja. Labda fundi mwenyewe atayaona mafundo akajiuliza maana yake. Mtu mwenye akili lazima angejiuliza.

Tarehe mbili Novemba ni siku ya marehemu wote. Walikwenda misa ya asubuhi, yakasomwa majina ya wafu wa kila ukoo, kisha wakarudi kusafisha makaburi ya nyumbani, yaliyo pale pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Severa alikuwa ameinama akiwasha mshumaa kwenye kaburi la mama mkwe wakati simu yake ilipolia ujumbe. Ulikuwa wa Ridhiwani. Kulikuwa na salamu, "Mangi tumekumiss mtaani," na chini yake namba ya Caroline na ujumbe wake aliokuwa ameombwa aufikishe. Rogath hakuwa na miwani. Severa akausoma kwa sauti.

"Kaka Ridhiwani, naomba umfikishie ndugu wa marehemu. Mwambie sina kinyongo naye, naelewa shida zilivyo. Gitaa tulilikamilisha, lakini lilipowashwa halikutoa sauti. Fundi wa pili alijaribu kufungua koili, waya ukakatikia ndani, akasema hazifai tena. Hata hivyo hatujalitupa. Kazi ile ni nzuri mno. Tumelitundika ukutani kanisani upande wa kwaya, na leo asubuhi jina lake limesomwa pamoja na wafu wetu."

Chini palikuwa na picha. Severa akaisogeza karibu na macho ya mumewe. Lilikuwa limepigwa varnishi, na masikio yote sita, na nyuzi zote sita, na lilipendeza kuliko hata alivyokuwa akiliona kichwani mwake. Walikuwa wamelizungushia taa ndogo za rangi. Chini yake palibandikwa karatasi yenye msalaba: Marehemu Fundi Rogath, apumzike kwa amani.

Severa aliitazama picha, akamtazama mumewe aliyekaa kwenye kigoda, akairudia picha.

"Wanasema umekufa," alisema. "Baba Joyce, huyu dada anasema umekufa. Namba yake hii hapa, mpigie basi umwambie uko hai!"

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Siku ile ile, Feri. Akanipa nilishike."

Upepo ulizima mshumaa. Severa aliutazama ule mkono wa kushoto uliolala pajani, akaufunika kwa ncha ya khanga yake kwa sababu ya baridi, na hakuuliza ilikuwaje.